Dawa ya kupakaa inatuliza, haiponyeshi

Ndugu watumikaji, wamama wa nyumbani, na ninyi vijana wa kambi,

Miezi ya kiangazi, au kipwa kama wengi wetu tunavyosema, inaanza huku kwetu karibu na mwezi wa 6 na kuendelea mpaka mwezi wa 8. Sisi wa Kasongo na Kabambare hatuna theluji kama nchi za Ulaya. Lakini kila mtu aliyetoka zamu ya usiku anaijua baridi ya alfajiri ya mwezi wa 7, wakati ukungu umelala juu ya Luama na meno yanagongana. Mchana jua linawaka, vumbi la barabara linajaa puani, na moshi wa pori linalochomwa unakaa hewani. Usiku tunafunga madirisha yote, tunalala wengi katika chumba kimoja, na mafua ya mmoja yanakuwa mafua ya wote.

Ndiyo maana katika miezi hii kibati kidogo cha dawa ya kupakaa hakikosekani nyumbani. Wengine wanacho kile chenye picha ya chui milia, wengine kichupa cha Vicks, wengine Mentholatum, wengine aina nyingine iliyonunuliwa sokoni. Majina ni mengi, lakini kazi yao ni karibu moja. Leo nataka tuizungumze dawa hii: inafanya nini, haifanyi nini, na namna ya kuitumia bila kujiumiza.

Naanza na kosa langu mwenyewe

Mwaka mmoja, wakati wa kiangazi, mtumikaji mmoja wa mashine ya kutoboa mwamba alikuja kwangu na kikohozi. Alisema: «Muganga, ni baridi tu ya usiku. Unipe ile dawa ya kupakaa.» Watu walikuwa wengi mlangoni. Nilimpa kibati, akaenda. Baada ya majuma matatu akarudi: «Ile dawa ni nzuri, nikijipakaa ninalala. Lakini imekwisha.» Nikampa kibati cha pili. Sikumwuliza neno.

Mara ya tatu alikuja na mke wake. Mama huyo ndiye aliyesema: «Muganga, mume wangu anatoka jasho usiku mpaka shuka linalowa. Mkanda wake amekwisha kuutoboa tundu mpya mara mbili.» Hapo ndipo nilipoona aibu. Tukapima makohozi, na ugonjwa ukaonekana: kifua kikuu. Alimeza dawa miezi 6, akapona, na alirudi kazini. Watoto wake walipimwa wote. Lakini kwa majuma mengi alikuwa amekohoa ndani ya nyumba yenye watoto wadogo, na mimi nilikuwa ninamsaidia kuuficha ugonjwa wake kwa harufu nzuri.

Ile dawa haikumdanganya mtu. Ilifanya kazi yake: ilimtuliza. Mimi na yeye ndio tuliochukua kutulia kuwa ni kupona.

Ndani ya kibati kuna nini?

Mafuta mazito unayoyaona ni vazelini, au nta iliyochanganywa na vazelini. Yenyewe hayana nguvu, yanabeba tu dawa. Dawa zenyewe ni hizi:

Kafuri. Ndugu zetu Waislamu wa Kasongo wanaijua vizuri, kwani ndiyo inayotiwa katika maji ya kuosha maiti. Watu wa pwani wanaiita pia karafuu maiti. Zamani ilitoka katika mti wa nchi za mashariki ya Asia. Siku hizi nyingi inatengenezwa viwandani.

Mentoli. Ni ile nguvu ya majani ya nanaa inayoleta ubaridi mdomoni.

Mafuta ya mikaratusi, miti ile ile inayopandwa kando ya barabara. Aina nyingine zina mafuta ya karafuu pia.

Dawa nyingine za kupakaa, hasa za maumivu ya viungo, zina kitu kinachoitwa salisilati ya metili, ambacho ni jamaa ya aspirini. Hizo ni za mgongo na magoti ya watu wazima. Si za kifua cha mtoto.

Dawa hizi ni za zamani. Ile ya chui milia ilianzia Rangoon, katika nchi ya Burma, kwa mganga Mchina Aw Chu Kin. Wanawe wawili ndio walioipeleka Singapore na kuieneza duniani. Ile ya Vicks ilitengenezwa Marekani na mwuza dawa Lunsford Richardson, mwisho wa karne ya 19. Kama zimedumu miaka mingi hivi, ni kwa sababu watu wanasikia nafuu kweli.

Nafuu hiyo inatoka wapi?

Hapa wengi tunakosea. Tunafikiri dawa inaingia puani na kusafisha njia. Sivyo. Katika ngozi na katika pua tuna mishipa midogo ya fahamu inayotuambia kwamba kuna baridi. Mentoli inaiamsha mishipa hiyo hata kama hakuna baridi. Ubongo unapata habari kwamba hewa nyingi ya baridi inapita, nawe unasema: «Pua imefunguka!»

Waganga wa Cardiff, huko Wales, walipima kwa vyombo hewa inayopita puani kabla na baada ya kuvuta mentoli. Watu walisema wanapumua vizuri zaidi. Vyombo vilionyesha kwamba hewa haikuongezeka. Pua ilikuwa imeziba vilevile. Ni kusikia tu kulikobadilika.

Je, basi dawa ni bure? Hapana. Mwaka 2010 waganga wa Marekani walitangaza uchunguzi wao juu ya watoto 138 wenye mafua, wa miaka 2 mpaka 11. Wengine walipakaliwa dawa ya kafuri, mentoli na mikaratusi, wengine vazelini tupu, wengine hawakupakaliwa kitu. Wale wa dawa walikohoa kidogo zaidi usiku na walilala vizuri zaidi, na wazazi wao walilala pia. Lakini maji ya puani hayakupungua kuliko kwa wengine, na wengi walisikia ngozi au macho yakiwasha.

Kwa hiyo tushike neno moja: dawa hii inamsaidia mgonjwa wa mafua ya kawaida alale, wakati mwili wenyewe unapigana na ugonjwa. Mafua ya kawaida yanakwisha yenyewe kwa siku 7 mpaka 10. Dawa haiui mdudu wa mafua. Haiui mdudu wa kichomi wala wa kifua kikuu. Haiondoi malaria. Haitoi vumbi la mwamba lililokwisha kuingia mapafuni.

Namna nzuri ya kupakaa

1. Chukua kiasi kidogo, kama punje ya haragwe kwa mtu mzima. Kupakaa nyingi hakuongezi nafuu, kunaongeza kuunguza ngozi.

2. Pakaa juu ya kifua, shingoni mbele, na mgongoni. Mtu mzima anaweza kupakaa kidogo kwenye paji la uso kwa kichwa kinachouma, mbali na macho.

3. Acha nguo iwe nyepesi ili harufu ipande. Usifunge kwa plastiki, wala usiweke kitambaa cha moto juu yake. Ngozi inaweza kuungua.

4. Nawa mikono kwa sabuni mara moja. Mtu akisahau na kujipangusa jicho, atalia kutwa. Jicho likipatwa, lioshe kwa maji mengi safi.

5. Usitie ndani ya pua, wala mdomoni, wala juu ya kidonda au ngozi iliyochunika.

6. Usiipashe moto dawa hii juu ya mbabula, wala usiitie katika sufuria ya maji yanayochemka. Mafuta yanaruka na kuunguza uso. Tena yanashika moto.

7. Usiilambe, wala usiitie katika chai. Najua wazee wengine wanameza kidogo «ili ishuke kifuani». Kifua hakipo njia moja na tumbo. Kafuri ikimezwa ni sumu.

Mtoto mdogo ana sheria yake

Mama, sikiliza hapa kwa makini. Mtoto ambaye hajatimiza miaka 2 asipakaliwe dawa hii hata kidogo. Njia ya hewa ya mtoto mchanga ni nyembamba sana, na kamasi kidogo inatosha kuiziba. Mwaka 2009 waganga wa Marekani walieleza habari ya mtoto wa miezi 18 aliyeletwa lopitali akishindwa kupumua baada ya kupakaliwa dawa hii chini ya pua. Walipoijaribu dawa katika koo la wanyama, waliona kwamba inaongeza kamasi na kupunguza mwendo wa vinywele vinavyoifagia. Basi kile tunachofikiri kinafungua, kwa mtoto mchanga kinaweza kufunga.

Mama anayenyonyesha asijipakae kwenye matiti, kwani mtoto ataimeza. Akijipakaa mgongoni, asimbebe mtoto hapo, na anawe mikono kabla ya kumshika.

Kibati kiwekwe juu, mahali mkono wa mtoto haufiki. Kina harufu tamu, na mtoto anafikiri ni chakula. Mtoto akimeza kafuri, hata kidogo tu, anaweza kushikwa na degedege kabla hata ya saa moja kupita. Likitokea hilo, usimtapishe. Usimpe dawa ya kienyeji. Mkimbize kituo cha afya, na uchukue kibati mkononi ili muganga aone alichokimeza.

Je, tumsaidie namna gani mtoto mchanga mwenye mafua? Chemsha maji, yaache yapoe, tia robo ya kijiko kidogo cha chumvi katika kikombe kimoja, na dondosha tone mbili puani kabla ya kunyonya. Panguza kamasi kwa kitambaa laini. Mnyonyeshe mara nyingi. Mfunike vizuri, lakini usimbane. Aliyepita mwaka 1 anaweza kupewa kijiko kidogo cha asali safi kabla ya kulala. Ile ya pori letu inafaa. Mtoto wa chini ya mwaka 1 asipewe asali.

Na tuache kuwafunika watoto blanketi juu ya sufuria ya maji ya moto ili wajifukize. Sufuria inapinduka upesi, na kidonda cha moto ni kibaya kuliko mafua.

Hesabu pumzi

Kichomi ndicho kinachoua watoto wakati sisi tunapakaa dawa na kungoja kesho. Huhitaji chombo cha muganga kukitambua. Unahitaji saa au simu. Mtoto akiwa ametulia, halii wala hanyonyi, tazama tumbo na kifua, na hesabu pumzi kwa dakika moja nzima:

Chini ya miezi 2: pumzi 60 au zaidi ni hatari.
Kutoka miezi 2 mpaka kabla ya mwaka 1: pumzi 50 au zaidi ni hatari.
Kutoka mwaka 1 mpaka miaka 5: pumzi 40 au zaidi ni hatari.

Tazama tena chini ya mbavu. Kama nyama inaingia ndani kila mara anapovuta hewa, au kama hawezi kunyonya, au anatapika kila kitu, au amelegea, au ameshikwa na degedege, usingoje asubuhi. Mlete usiku huo huo. Kichomi kina dawa yake, na ikianza mapema mtoto anapona.

Na mwili ukiwa wa moto, usiseme «ni baridi ya kiangazi» tu. Malaria haipumziki mwezi wa 7. Kuna kipimo cha tone moja la damu, na jibu linapatikana upesi. Kupakaa dawa juu ya paji la uso la mtu mwenye malaria ni kama kufunika moshi na kuuacha moto.

Tusisahau chanjo. Jina la Kasongo linajulikana kwa waganga wa mbali kwa ajili ya jambo hili. Mwaka 1971 ulianza hapa Mradi wa Kasongo, pamoja na Chuo cha Magonjwa ya Nchi za Joto cha Antwerp, na uchunguzi wake juu ya chanjo ya surua na maisha ya watoto ulichapishwa mwaka 1981. Surua ikipita, mara nyingi kichomi kinaifuata nyuma. Chanjo ya surua na zile za kukinga kichomi zinamlinda mtoto kuliko vibati vyote vya sokoni.

Na wewe mtumikaji, kazini

Kwanza: usijipakae chini ya pua kabla ya kuingia kazini. Pua yako ni mlinzi. Baada ya baruti kupigwa, moshi unaobaki una harufu, na harufu hiyo inakuonya usisogee. Moshi huo unaweza kuumiza mapafu, na maumivu yakaja saa nyingi baadaye, umekwisha kurudi nyumbani. Ukiwa na mentoli chini ya pua, mlinzi wako amelewa. Ngoja ruhusa ya mkubwa wa kazi, usiingie kwa haraka.

Pili: kumbuka kwamba ile hewa mbaya inayotoka katika mota ya pampu au katika makala yanayowaka haina harufu kabisa. Mota ya mafuta isiwashwe ndani ya shimo. Na nyumbani, usilale na mbabula ndani ya chumba kilichofungwa, hata baridi iwe kali namna gani. Watu wanalala na joto zuri, asubuhi hawaamki. Ukiamka na kichwa kizito na kichefuchefu, na wote wa nyumba vilevile, hayo si mafua. Tokeni nje mara moja, kisha mje kwa muganga.

Tatu: maski ya vumbi haishiki vizuri juu ya ngozi yenye mafuta, na vumbi linapita pembeni. Nawa uso kabla ya kuivaa.

Nne: vumbi la mwamba si vumbi la barabara. Lile jembamba lisiloonekana kwa macho linaingia mpaka ndani ya mapafu, linabaki huko, na baada ya miaka linakausha mapafu. Halina dawa ya kulitoa. Tena mapafu yenye vumbi hilo yanashikwa na kifua kikuu upesi zaidi. Kwa hiyo toboa mwamba ukiwa umelowana, maji yatumike, maski ivaliwe. Maji yakikosekana kwenye mashine, mwambie mkubwa wako kabla ya kuanza. Hiyo si kulalamika, hiyo ni kazi nzuri.

Wakati gani uache kibati na kuja?

Njoo kama kikohozi kimefika majuma 2. Njoo kama unatoka jasho usiku, unakonda, unakosa hamu ya kula, au kuna damu katika makohozi. Njoo kama kifua kinachoma unapovuta hewa, au unakosa pumzi kwa kupanda mlima mdogo uliokuwa ukiupanda zamani. Njoo kama homa haishuki.

Wengine wanaogopa: «Wakiona nina kifua kikuu, nitapoteza kazi, na watu watanikimbia.» Ninaelewa woga huo. Lakini katika nchi yetu dawa za kifua kikuu hazilipishwi, na anayezimeza vizuri kwa kawaida haambukizi tena baada ya majuma machache. Anayejificha ndiye anayeambukiza watoto wake, na ndiye atakayeshindwa kazi kabisa. Ukianza dawa, zimeze mpaka mwisho wa miezi yote, hata kama umekwisha kusikia vizuri. Hapa tena kusikia vizuri si kupona.

Na sisi waganga tuna wajibu wetu. Tangu siku ile ya mke wa yule fundi, sitoi kibati bila kuuliza maneno matatu: kikohozi kina siku ngapi, unatoka jasho usiku, umekonda? Nikisahau kukuuliza kwa sababu watu ni wengi, wewe niambie. Na wewe mama, usingoje kuulizwa. Mara nyingi ninyi ndio mnaoona shuka lililolowa na mkanda uliotobolewa, kabla mume hajakubali kwamba anaumwa.

Tukumbuke

Kibati kwa mtu mzima mwenye mafua: vizuri, kidogo, kifuani na mgongoni.
Kwa mtoto wa chini ya miaka 2: hapana.
Puani, mdomoni, machoni, kidondani, juu ya moto: hapana.
Kabla ya kuingia kazini: hapana.
Pumzi za haraka kwa mtoto: lopitali leo, si kesho.
Kikohozi cha majuma 2: makohozi yapimwe.

Ndugu zangu, jipakaeni na mlale vizuri. Lakini mkilala, hesabuni siku. Kikohozi kisichokwisha kina neno la kusema, na ni lazima mtu alisikilize.

Muganga msaidizi wenu